Sura ya Tano: Kocha Mbaya au Kikosi Kibaya?

Timu ya taifa ikipigwa, mabishano huanza kabla wachezaji hawajafika vyumba vya kubadilishia nguo. Pale uwanja wa RFUEA, Ngong Road, Nairobi, au sebuleni mbele ya runinga, mashabiki hugawanyika mara moja. Wa kwanza wanasema kocha hajui kazi. Wa pili wanasema hata malaika asingeshinda na wachezaji wale. Wa tatu, ambao kwa kawaida hupaza sauti kuliko wote, wanamtaja mchezaji fulani aliyeachwa nyumbani na kuuliza kwa nini.

Swali lenyewe ni la haki. Tatizo ni kwamba huulizwa kana kwamba ufundishaji na uteuzi ni kazi mbili za watu wawili, ilhali katika raga ya kimataifa haviachani. Kocha wa klabu anakaa na wachezaji wake mwaka mzima na anaweza kumrekebisha kijana taratibu. Kocha wa taifa hukabidhiwa watu waliokwisha fundishwa na wengine, akaishi nao wiki chache, kisha wakaingia uwanjani. Jambo kubwa kabisa analofundisha linaonekana kwenye karatasi ya majina 23.

Kwa msomaji asiyeijua raga ya wachezaji 15, karatasi hiyo ina majina 15 ya wanaoanza na manane ya akiba. Namba 1 hadi 8 ni mafowadi, watu wa kusukumana na kuugombea mpira. Namba 9 hadi 15 ni mabeki, watu wa kupiga pasi, kupiga mpira kwa mguu na kukimbia. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ina alama tano. Mkwaju wa penalti ukipita kati ya nguzo una alama tatu. Haya yanatosha kuifuata sura hii.

Kutoka 57–0 hadi kombe

Septemba 16, 2017, mjini Albany nchini New Zealand, Afrika Kusini ilifungwa 57–0. Hii ilikuwa timu yenye makombe mawili ya dunia, ya 1995 na 2007, na hapo haikupata hata penalti moja ya kufutia machozi. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepigwa 57–15 na New Zealand hao hao mjini Durban, kisha ikafungwa na Italia 20–18 mjini Florence, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kocha Allister Coetzee aliondoka mapema 2018 akiwa ameshinda mechi 11 kati ya 25.

Rassie Erasmus akaichukua timu. Juni 9, 2018, kwenye uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, aliwaanzisha vijana watatu ambao hawakuwahi kuichezea nchi: S'bu Nkosi, Aphiwe Dyantyi na RG Snyman. Nahodha wa siku hiyo alikuwa Siya Kolisi, Mwafrika mweusi wa kwanza kuiongoza Springboks katika mechi ya kimataifa. Uingereza iliongoza 24–3 mapema. Afrika Kusini ikashinda 42–39. Septemba mwaka huo iliifunga New Zealand 36–34 huko huko kwao, mjini Wellington, na Novemba 2, 2019 ikatwaa Kombe la Dunia nchini Japani kwa kuifunga Uingereza 32–12.

Ni rahisi kuisoma hadithi hii kama ushahidi kwamba kocha ndiye kila kitu. Kolisi na Eben Etzebeth, waliobeba kombe, walikuwa uwanjani Albany siku ya aibu. Lakini Faf de Klerk, namba 9 aliyeongoza mchezo wa timu ile ya 2019, hakuwepo mwaka 2017. Alikuwa akichezea klabu ya Sale, Uingereza, na kanuni ya wakati huo ilimzuia mchezaji wa nje ya nchi asiye na mechi 30 za taifa. Cheslin Kolbe, mwenye kimo kidogo na miguu isiyokamatika, alikuwa Toulouse, Ufaransa, bila mechi hata moja ya taifa. Kanuni ikalegezwa, baadaye ikaondolewa, na wote wawili wakaanza kwenye fainali.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Wiki tatu tu baada ya Albany, Coetzee yule yule aliyekuwa akitukanwa aliikabili New Zealand mjini Cape Town na kupoteza kwa alama moja, 25–24. Timu ya 57–0 na timu ya 25–24 zilikuwa na kocha mmoja. Anayesema Coetzee hakuwa na lolote hana budi kuieleza na mechi hiyo.

Kwa ufupi: Erasmus alibadilisha ufundishaji na pia akafunguliwa mlango wa kuchagua watu ambao mwenzake alinyimwa. Haiwezekani kupima kipi kilileta kombe bila kukigusa kingine.

Wachezaji wale wale, kocha mwingine

Uingereza inatoa mfano safi zaidi. Mwaka 2015 iliandaa Kombe la Dunia na kutolewa katika hatua ya makundi, baada ya kufungwa na Wales 28–25 na Australia 33–13, mechi zote kwenye uwanja wake wa Twickenham. Kocha alikuwa Stuart Lancaster.

Lawama nyingi ziliangukia jina moja, Sam Burgess. Burgess alikuwa nyota wa raga ya ligi, mchezo wa wachezaji 13 wenye sheria zake, aliyehamia raga ya wachezaji 15 muda usiotimia mwaka. Klabu yake ya Bath ilimjaribu kwanza kama beki wa katikati, kisha ikamhamishia kwa mafowadi. Lancaster alimwanzisha dhidi ya Wales kama namba 12, beki wa katikati, mahali pa kusoma mchezo kwa kasi na kupanga ulinzi wa wenzake. Alikuwa shujaa mwenye nguvu na moyo, na hakucheza vibaya usiku ule. Ila alipewa mtihani wa somo ambalo klabu yake ilikuwa imeacha kumfundisha, na hilo ni kosa la aliyemtuma. Baada ya mashindano alirudi raga ya ligi.

Kisha akaja Eddie Jones. Alichukua sehemu kubwa ya wachezaji wale wale walioshindwa, akampa unahodha Dylan Hartley, ambaye hakuwepo kwenye Kombe la Dunia, na mwaka 2016 akashinda mechi zote tano za Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya mataifa makubwa ya raga Ulaya. Uingereza haikuwahi kufanya hivyo tangu 2003. Juni mwaka huo alikwenda Australia na kushinda mechi tatu kwa sifuri. Hadi Machi 2017, Uingereza ilikuwa imeshinda mechi 18 mfululizo na kuifikia rekodi ya New Zealand.

Hapa wale wanaomlaumu kocha wana hoja nzito. Mashabiki waliodai kwamba Uingereza haina vipaji walikosea. Vipaji vilikuwepo, vilikuwa vimepangwa vibaya na kufanyishwa mazoezi yasiyotosha.

Kocha yule yule, wachezaji wengine

Baada ya hapo, Jones huyo huyo akawa ushahidi wa upande wa pili. Uingereza ilimfukuza Desemba 2022, na mwezi uliofuata Australia ikamwajiri kwa mkataba wa miaka mitano. Kombe la Dunia la Ufaransa lilikuwa miezi michache mbele.

Orodha yake ya wachezaji 33 ilishtua watu. Michael Hooper, nahodha wa miaka mingi mwenye mechi 125 za taifa, hakuwemo. Quade Cooper, namba 10 mwenye uzoefu, hakuwemo. Namba 10 ndiye anayeamua kila dakika kama timu itakimbia, itapiga pasi au itapiga mpira mbali. Jones alikwenda Ufaransa na namba 10 mmoja tu aliyezoea nafasi hiyo, Carter Gordon, kijana wa miaka 22. Nahodha alikuwa Will Skelton, fowadi mkubwa kuliko wote.

Skelton akaumia mazoezini. Taniela Tupou, nguzo ya kusukuma, naye akaumia. Australia ikafungwa na Fiji 22–15, mara ya kwanza tangu 1954, kisha ikasambaratishwa na Wales 40–6 mjini Lyon. Ikatolewa katika makundi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Jones aliondoka kabla mwaka haujaisha, akiwa ameshinda mechi mbili kati ya tisa.

Wapo wanaomtetea kwa majeraha yale, na kweli hakuna kocha anayepanga mtu aumie. Lakini ndiyo maana kikosi kina watu 33. Kumwacha Hooper peke yake kungeweza kuelezeka, kwa kuwa naye alikuwa akitoka kwenye jeraha. Kumwacha Cooper peke yake pia kungeelezeka. Kuwaacha wote wawili na kumkabidhi kijana uendeshaji wa mchezo bila mkubwa wa kumwegemea lilikuwa kosa lililoonekana siku orodha ilipotangazwa, kabla mpira haujapigwa. Ubora wa Jones kama mwalimu haukuweza kulifuta.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika raga ya kimataifa, kulichagua jembe ni nusu ya kilimo.

Saba kwa mmoja

Hakuna uteuzi uliobishaniwa kuliko benchi la Afrika Kusini la 2023, na unastahili kuangaliwa polepole.

Kwa kawaida, kati ya wachezaji wanane wa akiba, watano huwa mafowadi na watatu mabeki. Afrika Kusini ilizoea kuweka sita kwa wawili; ndivyo ilivyoshinda fainali ya 2019. Mantiki yake iko kwenye skramu: mafowadi wanane wa kila upande hujifunga pamoja na kusukumana kwa mabega kuugombea mpira. Kazi hiyo inamaliza mapafu na miguu. Ukiweza kuleta kundi zima la mafowadi wapya wapinzani wanapoanza kuchoka, utapata penalti, na penalti ni alama tatu. Kundi hilo la akiba lilipewa jina la Bomb Squad.

Agosti 2023, kwenye uwanja wa Twickenham, beki Willie le Roux aliondolewa benchi muda mfupi kabla ya mechi na nafasi yake ikachukuliwa na Kwagga Smith, fowadi. Benchi likawa saba kwa mmoja. Afrika Kusini iliichapa New Zealand 35–7, kipigo kikubwa kuliko chochote New Zealand ilichowahi kupata. Mwezi uliofuata, kwenye Kombe la Dunia, mpango huo ulirudiwa dhidi ya Ireland mjini Paris, na Afrika Kusini ikapoteza 13–8, huku wapigaji wake wakikosa mikwaju.

Mapema katika mashindano hayo, kabla ya mechi ya Ireland, namba 2 Malcolm Marx alikuwa ameumia. Namba 2 hukaa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, na ndiye anayeurusha mpira ukirudishwa mchezoni kutoka pembeni, wenzake wakiinuliwa hewani kuudaka. Ni ufundi wa miaka. Kila mtu alitarajia aitwe namba 2 mwingine. Makocha, Jacques Nienaber na Erasmus ambaye wakati huo alikuwa mkurugenzi wa raga, wakamwita Handré Pollard, namba 10, mpiga mikwaju aliyekuwa akipona jeraha. Akiba ya namba 2 ikabaki kwa Deon Fourie, ambaye kwa miaka ya karibuni alikuwa akicheza safu ya nyuma ya mafowadi.

Matokeo yanajulikana. Robo fainali, Ufaransa 28, Afrika Kusini 29. Nusu fainali, Uingereza 15, Afrika Kusini 16: Ox Nche aliingia kutoka benchi, skramu ya Uingereza ikaanza kuvunjika, na Pollard akapiga penalti ya ushindi zikiwa zimebaki dakika chache. Fainali, Oktoba 28, benchi likawa tena saba kwa mmoja, bila namba 9 wa akiba. Dakika za mwanzo tu namba 2 Bongi Mbonambi akatolewa akiwa ameumia. Fourie, mwenye miaka 37, akacheza karibu mechi nzima katika nafasi hiyo, na mipira ya kurushwa kutoka pembeni ikawasumbua sana. Pollard akafunga alama zote 12. New Zealand, ambayo nahodha wake Sam Cane alitolewa kwa kadi nyekundu, ikapata 11.

Mechi tatu, alama tatu. Mkwaju mmoja ukigonga nguzo, kitabu hiki kingekuwa kinaeleza jinsi makocha wawili walivyopoteza Kombe la Dunia kwa kukataa kubeba namba 2 wa kutosha. Hapo ndipo mashabiki wengi hupotea: huuchukua ushindi kuwa hukumu ya uteuzi.

Kuhukumu kabla ya filimbi

Mwaka 2015 ulileta jaribio ambalo hakuna mwalimu angeweza kulipanga vizuri zaidi. Septemba 19, mjini Brighton, Japani ilikuwa nyuma ya Afrika Kusini kwa 32–29 dakika za mwisho na ikapata penalti. Mkwaju ungeleta sare. Nahodha Michael Leitch akachagua skramu, atafute trai. Karne Hesketh akaipata pembeni kabisa, 34–32, na dunia ya raga ikasimama. Wiki moja baadaye, Septemba 26, Uingereza ilikuwa nyuma ya Wales kwa 28–25 na ikapata penalti. Mkwaju ungeleta sare. Nahodha Chris Robshaw akaamua mpira upigwe pembeni karibu na mstari wa Wales, atafute trai. Wales wakawasukuma nje ya uwanja, na mechi ikaisha vile vile.

Leitch akawa mfano wa ujasiri. Robshaw akawa mfano wa upumbavu. Yeyote anayetaka kuwatofautisha kwa haki lazima aangalie yaliyojulikana dakika ile: skramu ya Japani ilikuwa ikifanya nini, wachezaji wa Uingereza walikuwa na uhakika kiasi gani wa kuudaka mpira ule, mkwaju ulikuwa mgumu kiasi gani. Alama za mwisho hazimo katika orodha hiyo.

Karatasi ya majina 23 isomwe hivyo hivyo, kwa maswali yanayoulizwa Alhamisi inapotangazwa na kujibiwa kabla ya mechi ya Jumamosi:

- Mchezo ambao kocha amesema anataka kuucheza, je, watu aliowataja wanauweza?
- Kila mchezaji yuko mahali anapocheza kwenye klabu yake? Kama sivyo, amepewa muda gani wa kujifunza?
- Akiumia mtu wa nafasi isiyo na mbadala, nani anaingia?
- Aliyeachwa ameachwa kwa sababu inayoelezeka?

Ukiyauliza kuhusu Australia ya 2023, majibu ni mabaya tangu mwanzo. Ukiyauliza kuhusu Afrika Kusini ya mwaka huo huo, swali la tatu linaumiza, kwa maana hatari ya Fourie ilikuwa ya kweli na ilitimia. Lakini maswali mengine yanajibika: mpango ulijulikana, ulifanyiwa mazoezi kwa miaka, na upungufu mkubwa wa timu, kama mechi ya Ireland ilivyothibitisha, ulikuwa mpiga mikwaju. Uamuzi ulikuwa wa hatari na wa busara kwa pamoja, na ungebaki wa busara hata kama kombe lingekwenda Auckland.

Mkono wa chama na mkono wa historia

Kocha hachagui peke yake. New Zealand kwa kawaida humchagua tu anayecheza nyumbani. Uingereza hufanya karibu vivyo hivyo. Australia ilifungua mlango mwaka 2015 kwa wachezaji wa nje wenye mechi 60 za taifa. Matt Giteau na Drew Mitchell wakarudi, na timu ikafika fainali. Kanuni hizi huandikwa na viongozi wa chama wanaotaka ligi za nyumbani zisihamwe, na shabiki anayemfokea kocha kwa kumwacha nyota wa Ufaransa mara nyingine anafokea mlango usio sahihi.

Afrika Kusini ina mzigo mwingine. Katika fainali ya 1995, ile ya Nelson Mandela na jezi ya kijani, mchezaji mmoja tu kati ya 15 walioanza hakuwa mzungu: Chester Williams. Mwaka 2007 walikuwa wawili. Mwaka 2019 walikuwa sita. Kolisi alipotajwa nahodha walikuwepo walionong'ona kwamba ni siasa, ingawa tayari alikuwa nahodha wa Stormers ya Cape Town. Kwa miongo mingi kabla yake, nchi ile iliteua kwa rangi waziwazi, ikawaacha nje mafowadi na mabeki ambao majina yao hayatajulikana kamwe, na ikakiita kikosi hicho bora. Uteuzi mbaya kuliko wote katika historia ya raga ulidumu karibu karne moja. Kolisi ameliinua Kombe la Dunia mara mbili.

Nani alimchagua kocha?

Mashabiki wa Afrika Mashariki wanaijua raga zaidi kupitia Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba kila upande. Aprili 2016, chini ya Benjamin Ayimba, Shujaa iliifunga Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, taji lake la kwanza la mfululizo wa dunia. Agosti mwaka huo, kwenye Olimpiki ya Rio, ilimaliza ya 11. Kocha yule yule, kikosi kilichofanana sana, miezi minne. Ayimba akaondoka. Innocent Simiyu akaja, na mwaka 2018, akiwa na wengi wa wachezaji wale wale, Kenya ikafika fainali za Vancouver na Hong Kong. Kisha naye akaondoka.

Mtu akiyaandika majina ya makocha wakuu wa Shujaa kuanzia Mike Friday, aliyeifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Moscow mwaka 2013, atapata, miongoni mwa wengine, Paul Treu, Ayimba, Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney, Simiyu tena, Damian McGrath na Kevin Wambua. Yote hayo kufikia 2023, mwaka ambao Kenya ilishuka kutoka daraja la juu, kabla Wambua hajairudisha mwaka uliofuata mjini Madrid.

Coetzee aliajiriwa Aprili 2016 na mechi yake ya kwanza ikawa Juni. Erasmus alipewa mkataba wa miaka sita, hadi 2023, na sauti juu ya mfumo mzima wa timu za taifa. Kabla ya namba 10 na kabla ya benchi, kuna chumba ambamo viongozi huamua nani afundishe, kwa muda gani na kwa mamlaka gani. Orodha ya waliomo chumbani humo haitangazwi Alhamisi, na Jumamosi jioni hakuna anayewazomea. Mashabiki wa Nairobi, ambao kwa muongo mmoja wamebishana juu ya makocha wasiopungua wanane, wana haki ya kuanza kuuliza majina ya waliomo chumbani humo.